Kijito Alichokiapia Baba

Wewe ukiulizwa shamba la kwenu linaishia wapi, utaonyesha nini? Jiwe, mti, au ua wa jirani? Usijibu haraka. Baba yangu, Feichín, aliulizwa swali hilo na mtu mwenye kalamu mkononi, akajibu haraka, tena kwa kiapo.

Sisi ni watu wa Doirín Liath, kitongoji cha nyumba kumi na moja kilichojibanza kati ya bahari na mlima. Shuleni mwalimu alitukaririsha mpangilio wa nchi kama tunavyokariri sala: vitongoji viko ndani ya parokia, parokia ziko ndani ya baroni, baroni ziko ndani ya kaunti. Katika hizo zote baroni zina heshima ya ukongwe. Wazee walisema kila moja ilikuwa nchi ya ukoo mmoja, yenye mkuu wake na vita vyake vya kuibiana ng'ombe, kabla Waingereza hawajaja kuziandika vitabuni. Sisi tuko baroni ya chini, yenye ufuo na viazi. Huko mlimani ni baroni ya juu, yenye kinamasi na mawe. Watu wa chini husema kondoo wa juu wana miguu mirefu upande mmoja kwa sababu ya mteremko. Watu wa juu nao husema sisi tuna ngozi kati ya vidole, kama bata.

Mpaka wa baroni hizo mbili, pale kwetu, ulikuwa mtaro wa zamani uliopita ubavuni mwa mlima. Hakuna aliyejua nani aliuchimba. Ulikuwa umeota nyasi, ukifika kiunoni kwa kina, na chini yake kulikuwa na kipande cha mteremko cha hatua kama mia mbili, halafu kijito, halafu nyumba zetu. Kipande hicho kilikuwa chetu. Tulilisha mbuzi pale wakati wa kiangazi, na akina mama walikwenda kuokota matawi makavu.

Mwaka wa elfu moja mia nane thelathini na sita wakaja wapimaji wa Serikali, na minyororo yao ya chuma na vigingi vyao. Nilikuwa mtoto wa kunyonya, lakini habari hii nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naiona. Kila kitongoji kilitakiwa kumtoa mtu mmoja mzima awe mwonyesha mipaka, atembee mbele ya wapimaji na kusema, hapa ni kwetu, hapa si kwetu. Chetu kilimtoa baba. Alinyoa, akavaa koti lake la kanisani, akawaongoza siku mbili nzima. Siku ya pili, walipofika kwenye kijito, alisimama akatia fimbo yake majini.

"Ni hapa," akasema.

Mpimaji akatazama juu. "Mbona kule naona kama mtaro, mzee?"

"Ule ni mtaro wa maji tu, bwana. Babu yangu aliuchimba ili ng'ombe wasizame."

"Unaapa?"

"Naapa."

Akabusu Biblia, na mstari ukachorwa juu ya maji.

Alikuwa na sababu. Kodi ya barabara na madaraja ilitozwa kwa baroni, na kila eka iliyoandikwa kwetu ilituongezea mzigo. Kule mteremkoni hapakuwa na nyumba hata moja wala kiazi kimoja. Baba aliona afadhali baroni ya juu ichukue eka hizo na kodi zake. Jioni ile walikusanyika nyumbani kwetu, na jirani yetu Cóil, ambaye kinywa chake hakikupata kupumzika hata siku moja, akasema, "Feichín kawapa ndugu zetu wa juu vyura wote. Sasa wakitoza kodi, wawatoze vyura." Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Baba alikaa katikati yao kama bwana harusi.

Mama yangu, Báirbre, hakucheka. Alikuwepo pale kijitoni akikamua mbuzi, akasikia kila neno.

"Babu yako hakuchimba mtaro ule, Baba Nábla," akasema. "Babu yako alikuwa mvivu hata wa kuchimba kaburi la mbwa."

"Basi nenda ukamwambie mpimaji, mama watoto. Ameshafika parokia ya tatu."

Hapo ndipo mambo yalipoishia, kwa miaka kumi.

Nábla alikuwa dada yangu mkubwa. Miaka mitatu baada ya wapimaji kuondoka, aliolewa na Maolra, kijana mpole mwenye mabega mapana na maneno machache. Chini hapakuwa tena na ardhi ya kugawa, basi msimamizi wa bwana mwenye ardhi yetu sote akampangisha Maolra kile kipande cha mteremko. Wakajenga nyumba ya mawe, wakaiezeka kwa nyasi za kinamasi, wakapanda viazi. Siku ya kuhamia, mama alichukua kaa la moto kutoka jikoni kwake, akalitia ndani ya chungu cha chuma, akavuka nalo kijito ili moto wa Nábla uwe umezaliwa na moto wetu. Watoto wakaja: Beairtle, halafu Neilí, halafu kitoto cha kiume. Kwenye ramani walikuwa wa baroni nyingine. Kwetu sisi walikuwa watu wa kuita kwa sauti wakasikia. Nábla akipika samaki, tulijua ni samaki gani.

Kisha ukaja mwaka wa arobaini na sita. Mwaka uliotangulia viazi viliugua nusu. Huu viliugua vyote. Mwezi wa Agosti majani yalikuwa meusi kama yamepitiwa na moto, na harufu ilishuka mlimani ikaingia kwenye nguo. Mama alichimba tuta zima akapata viazi vya kujaza kikombe kimoja. Baba alisema tuta la pili litakuwa zima. Halikuwa zima.

Oktoba Serikali ikaleta kazi ya barabara. Wenye tiketi wangevunja mawe na kulipwa, na kwa malipo hayo wangenunua unga wa mahindi ya manjano, kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukiona wala kujua kupika. Lakini kazi hizo ziliombwa kwa baroni, ziliidhinishwa kwa baroni, na majina yaliandikwa kwa baroni. Yetu iliidhinishwa mapema. Baba akapata tiketi siku ya kwanza. Maolra alisimama nyuma yake kwenye mstari, na mimi nilikuwa nimemletea baba nyundo yake, kwa hiyo niliona.

Karani alikuwa ametandaza ramani juu ya pipa. "Nyumba yako iko wapi?" akauliza.

"Pale, bwana. Ile yenye moshi."

Karani akapitisha kidole juu ya karatasi. "Ng'ambo ya kijito. Wewe ni wa baroni ya juu. Kazi yako iko huko kwenu."

"Huko ni maili kumi na mbili, bwana, na kazi yenyewe haijaanza."

"Basi subiri ianze. Anayefuata."

Maolra hakubishana. Alimtazama baba mara moja, kisha akapanda zake. Cóil, ambaye alikuwa wa tatu nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Feichín, vyura wako wanaomba kazi." Hakuna aliyecheka, naye Cóil akainamisha kichwa.

Wiki ile baba hakulala vizuri. Alhamisi alipita Bwana Hartnoll, mhandisi aliyesimamia barabara yote ya baroni yetu, na baba akaweka nyundo chini akamwendea. Nakumbuka alivua kofia na mvua ikamnyeshea kichwani.

"Bwana, mpaka ule mimi ndiye niliyeuonyesha. Si kijito. Ni mtaro wa juu."

"Uliapa ni kijito."

"Niliapa uongo, bwana."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya kodi."

Bwana Hartnoll alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua yasiyopona, na sitasema alikuwa mbaya. Angeweza kumpeleka kwa hakimu.

"Nitaandika barua Dublin," akasema. "Lakini lazima pawe na kitu cha kuonyesha. Mtaro uonekane, na ile nyumba iwe na watu. Hakuna mtu huko atakayesogeza mstari kwa ajili ya mlima mtupu."

Baba alirudi nyumbani mwenye furaha. Tangu viazi vioze sikuwa nimemwona hivyo. Alipanda moja kwa moja hadi kijitoni, akamwita Nábla, akampigia kelele kutoka upande wetu. "Msitoke hapo. Mmesikia? Na moto usizime. Karani anaangalia moshi. Nitaurudisha mpaka mahali pake, na nyote mtaandikwa."

"Sawa, baba," Nábla akajibu.

Kuanzia siku hiyo baba alivunja mawe mchana, na jioni alikwenda kuchimba ule mtaro. Alifyeka nyasi, akatoa matope ya miaka mia, akanyoosha kingo kwa sepeto. Jumapili baada ya misa alichimba. Theluji ilipoanza alichimba. Aliweka mawe meupe ukingoni kila hatua kumi ili uonekane kutoka barabarani. Kila Alhamisi alimuuliza Bwana Hartnoll, na kila Alhamisi aliambiwa barua bado haijajibiwa.

Desemba kazi ya baroni ya juu ikaanza. Maolra alikwenda, maili kumi na mbili kwenda, na jioni maili kumi na mbili kurudi, kwa sababu kule hakuna aliyemjua wa kumlaza. Wiki ya kwanza hawakumpa tiketi. "Wewe ni mtu wa chini," walimwambia, "tunakusikia hata unavyosema." Wiki ya pili walimpa. Wiki ya tatu hakurudi. Wachunga kondoo walimkuta amekaa ameegemea ukuta, mfukoni mna tiketi na kipande cha mkate wa shayiri ambacho hakukila, kwa sababu alikuwa anakileta nyumbani.

Tulimzika Jumanne. Usiku ule mama akasema, huku akikoroga uji bila kuinua macho, "Nenda ukamwite binti yako."

Hapa ujue desturi yetu. Binti akishawasha moto kwake, harudi kukaa kwenye moto wa baba yake mpaka baba mwenyewe aende kwa miguu yake, asimame mlangoni, amwambie. Akija bila kuambiwa, amemtangaza mumewe kwamba alishindwa, hata kama mumewe yuko kaburini. Hasa kama yuko kaburini.

"Nikimwita, nyumba inabaki tupu," baba akasema. "Ikibaki tupu, barua haina maana tena."

"Barua haili, Baba Nábla. Wanaokula ni watoto."

"Na baada ya hapo? Tule sote tiketi moja? Tumalizike sote kumi?"

"Tuko saba."

"Saba basi. Mpaka ukirudi, yeye atapata tiketi yake, kama mjane, na shamba litakuwa salama. Ni Alhamisi mbili tu hizi."

Mama aliendelea kukoroga. Kesho yake alipanda mwenyewe, akamwambia Nábla ashuke. Nábla akamuuliza, "Baba anasemaje?" Mama hakujua kusema uongo, akamweleza habari za barua. "Basi nitangoja," Nábla akasema.

Mimi ndiye niliyetumwa kila siku na bakuli la uji, nusu ya wetu. Uji wa mahindi yale ulikuwa mzito na mchungu, nasi hatukujua kwamba lazima uchemshwe muda mrefu, kwa hiyo uliwakata watoto matumbo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nábla aliupokea mlangoni, akawalisha kijiko kimoja kimoja, kwa zamu, akihesabu kimya kimya kwa midomo. Yeye aliramba kijiko. Moto ulikuwa unawaka vizuri siku zote, mabonge ya udongo wa kinamasi tunayochoma badala ya kuni yamepangwa wima, moshi unapanda moja kwa moja, na juu yake hapana chungu.

"Baba yuko wapi?" aliniuliza.

"Anachimba mtaro."

"Bado?"

"Amefika kwenye lile jiwe kubwa. Anasema zimebaki hatua arobaini."

"Hakusema kitu kingine?"

"Amesema moto usizime."

"Sawa."

Kila siku yalikuwa maswali hayohayo. Mimi niliona dada yangu anaujali sana ule mtaro. Nilipofika nyumbani nilimwambia baba, "Nábla ameuliza tena," naye alichukua sepeto hata kabla hajamaliza uji wake.

Kitoto kilikufa katikati ya Januari. Beairtle alimfuata baada ya siku tisa. Alikuwa na miaka sita na alikuwa anajua kuhesabu mpaka ishirini. Baba alitengeneza masanduku yote mawili kwa mbao za kitanda cha Nábla mwenyewe. Pale kaburini alimshika bega akamwambia, "Vumilia, mwanangu. Mtaro umekwisha. Unaonekana mpaka baharini." Na kweli ulionekana. Ulikuwa mrefu, mweusi, umenyooka katikati ya theluji. Sijaona kazi safi kama ile. Nábla aliutazama, akaitikia kwa kichwa, akambeba Neilí, wakapanda.

Alhamisi ya kwanza ya Februari Bwana Hartnoll akaja na barua. Baba alimwomba aisome mara mbili. Ilikuwa fupi. Mipaka ya baroni, kama ilivyochapishwa, ndiyo mipaka ya baroni, na haitachunguzwa upya.

"Lakini mtaro, bwana. Hukuutazama? Geuka tu uutazame."

"Nimeutazama, mzee. Pole sana." Akakunja karatasi, akapenga kamasi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alilisema kwa wema. "Ila yule binti yako mjane, mbona hukumchukua tu kwako? Mimi naandika walio chini ya paa. Angelala kwako usiku mmoja, ningempa tiketi asubuhi."

Baba akasema, "Uliniambia nyumba iwe na watu."

"Kwa ajili ya ramani. Wewe uliniuliza habari za mpaka. Habari za binti hukuniuliza."

Akapanda farasi wake. Wavunja mawe wote walikuwa wamesimamisha nyundo, hata Cóil. Baba alibaki amesimama na kofia mkononi mpaka farasi alipopotea nyuma ya kilima. Kisha akaanza kupanda, nami nikamfuata, kwa sababu nilikuwa na bakuli la uji wa Nábla na saa ya kuupeleka ilikuwa imefika.

Alivuka kijito bila kutafuta mawe ya kukanyagia. Maji yalimfika magotini. Mlango wa Nábla ulikuwa wazi nusu. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na moto, kwa kuwa kitanda hakikuwapo tena, na Neilí alikuwa amelala mapajani mwake, macho yamefumbuka kidogo. Neilí tulikuja kumzika Jumapili iliyofuata. Lakini saa ile alikuwa bado anapumua, na nilimsikia.

Baba hakuingia. Alisimama kizingitini, maji yakimchuruzika kwenye suruali.

"Barua imekuja," akasema. "Wamekataa."

"Sawa, baba."

"Bwana anasema ungekuwa kwangu ungepata tiketi. Tangu mwanzo. Hata Maolra angepata."

Nábla alimfunika Neilí miguu kwa shuka.

"Mimi nilidhani unautaka mpaka," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu. "Mdogo wako huyu ni shahidi. Kila siku alirudi akaniambia, Nábla ameuliza, Nábla ameuliza. Nikasema binti yangu anautegemea mtaro. Nilichimba mpaka kucha zikang'oka, Nábla."

"Sikuwa nauliza mtaro, baba."

"Ulikuwa unauliza nini?"

Alichukua bakuli mikononi mwangu, akachota kijiko kimoja, akakigusisha kwenye midomo ya Neilí. Midomo haikufunguka. Akakirudisha kijiko ndani ya bakuli, taratibu, uji usimwagike.

"Sasa nitasema, maana haidhuru tena," akasema. "Nilikuwa naamka kabla ya kucha natazama njia ile. Nilisikia sepeto lako jioni, hatua mia moja kutoka hapa, nikasema leo akimaliza atashuka kwa upande huu. Ukashuka kwa upande ule. Sikutaka tiketi. Sikutaka shamba, wala mpaka urudi mahali pake. Nilitaka usimame hapo ulipo sasa, uniambie, Nábla, beba watoto wako, twende nyumbani."